Mndimu Huo Hauna Kiu

 

Tangu Jumapili nilipotangaza kwamba mndimu wa mlangoni mwa kanisa unatolewa kwenye ndoo na kupandwa ardhini, simu yangu haijapumzika. Wengine wameniuliza kwa upole, wengine wameandika kwa uchungu. Dada mmoja ameniuliza kama nataka kuua kitu kilichotolewa kwa Bwana. Wacha basi niseme maoni yangu hapa mbele ya wote, tuache kunong'onezana kwenye makundi ya WhatsApp. Ni ndefu kidogo. Weka chai.

Kwa nyinyi mnaotufuata kutoka Isiolo mjini, Nanyuki, Nairobi na walio kazini huko Ghuba, habari yenyewe ni hii. Miaka miwili iliyopita mgeni alituletea mche wa mndimu kutoka kitalu kimoja upande wa Meru, ukiwa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Kwetu Kipsing hilo ni jambo kubwa. Tuna migunga, tuna miswaki, tuna miiba ya kila aina, lakini ndimu ya kukamulia chai huja na gari. Tukauweka mlangoni, kila aingiaye auone. Mwaka wa kwanza ulichanua na harufu yake ikafika mpaka madhabahuni. Watoto walihesabu matunda yakiwa bado madogo kama shanga.

Sasa majani yamekuwa ya manjano. Mchana yanalegea, asubuhi unayakuta chini. Ncha za matawi zimeanza kukauka. Na kila anayepita anasema neno lilelile: maskini, una kiu. Halafu anafanya ambacho mtu wa Kipsing hufanya akiona kiumbe chenye kiu.

Mama yetu anayetunza kanisa huumwagilia asubuhi na jioni. Mshirika akimaliza kunywa maji, yaliyobaki kwenye kikombe anaupa mti. Watoto wa Sunday school wamegeuza jambo hilo kuwa mchezo. Nimeona hata mzee mmoja, ambaye sitamtaja maana yumo humu anasoma, akisimama na kibuyu chake, anakunywa nusu, nusu anaimwaga mle ndani, kama mtu anayemtilia mgeni chai.

Sitaki mtu yeyote amcheke mama yule wala mzee yule. Fikirini maji kwetu ni nini. Mama anateremka lagani, anachimba mchanga, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kikombe mpaka jerikeni ijae, anampakia punda, anapanda nayo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mpaka mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilitupita mfululizo, na mizoga ya ng'ombe tuliiona wote kando ya njia. Watu waliopita pale hawawezi kudhani kwamba maji yanaweza kuwa mengi mno. Hakuna mtoto wa Kipsing aliyewahi kugombezwa kwa kuumwagilia mti kupita kiasi. Kwetu maji ndiyo upendo wenyewe. Ukimpenda mtu, unampa maji kabla hujamuuliza ametoka wapi.

Lakini ile ndoo haina tundu hata moja chini.

Niliinamisha sikio, nikaitikisa kidogo, nikasikia maji yakicheza ndani. Nikachimba kwa kidole. Juu palikuwa pamekauka kidogo, chini ni tope, na harufu yake ni ya kinamasi. Ndugu zangu, mizizi huvuta pumzi. Udongo mzuri una vijinafasi vidogo vidogo. Baadhi hushika maji, vingine hushika hewa. Vikijaa maji vyote, usiku na mchana, wiki baada ya wiki, mizizi hukosa hewa. Kwanza hufa ile midogo kama nywele, ambayo ndiyo hasa hunywa maji. Kisha vimelea vya uozo vinavyopenda tope huja kumaliza kazi. Na hapa ndipo penye ujanja wa jambo lenyewe: mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hiyo mti umesimama ndani ya maji huku majani yake hayapati maji. Juu unaonekana wenye kiu. Chini unazama. Ukiangalia majani peke yake, utaleta jerikeni nyingine.

Kwa mimi hilo ndilo kosa ninalolipigia kelele: kupima uhitaji kwa kuangalia majani.

Nimepokea pia pendekezo kwamba tuufungie mti maombi ya siku tatu, maana kuna roho ya ukaukaji. Mnanijua, mimi si mtu wa kudharau maombi. Tutauombea. Ila si kila jani la njano ni pepo, wapendwa. Kuna mambo ambayo Mungu ametupa macho na kidole cha kuchimba udongo ili tuyajue. Ukikemea roho ya ukaukaji huku mkono wa pili umeshika kikombe cha maji, shetani anakaa pembeni anapumzika.

Mwingine amesema tungoje upate nafuu kwanza, ndipo tuuhamishe, kwa sababu mgonjwa hahamishwi. Hoja hii naiheshimu. Kuhamisha mti ni kuuumiza, hata ukiwa na afya. Lakini mgonjwa ambaye kitanda chake ndicho kinachomtia ugonjwa, unangojea apone akiwa amelala palepale? Mwingine akasema tutoboe ndoo tu. Kutoboa kungefaa zamani. Sasa mizizi imejizungusha ndani ya plastiki ile kama kamba kwenye kigingi, na udongo wenyewe umeoza. Na hata ungepona, ndoo ni ndoo. Mti wa ndoo utahitaji mkono wa mtu siku zote za maisha yake. Mama yule akienda Isiolo hospitalini wiki mbili, mti umekwisha.

Sasa ni mwanzo wa mvua za vuli. Tukichelewa, kiangazi cha Januari kitaukuta bado haujajua pa kushika. Kwa hiyo maoni yangu ni utoke sasa.

Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu wa Agano la Kale alitukalisha nusu siku kwenye Zaburi ya 1, mstari wa 3. Nyote mnaukumbuka, ule wa mti kando ya maji. Neno la Kiebrania pale ni shatul, na linabeba maana ya mti uliohamishwa kutoka mahali fulani ukapandwa mahali pengine. Mwenye heri wa Zaburi ile hakuota mwenyewe pale alipo. Kuna mkono uliomng'oa. Yeremia 17:8 analitumia neno hilohilo, na anaongeza jambo ambalo sisi wa nchi kavu tunapaswa kulisoma polepole: mizizi yenyewe ndiyo inayonyooka kuelekea mtoni. Hakuna mtu amesimama hapo na kibuyu. Tena angalieni ni maji gani. Ni vijito, mifereji, maji yanayopita. Mti wa Zaburi umepandwa kando yake, haukutumbukizwa ndani.

Halafu kuna ule mtini wa Luka 13 ambao mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi. Someni tena kile alichoahidi kufanya. Atachimba kuuzunguka, kisha atatia samadi. Kuchimba kunakuja kwanza. Udongo uliokandamizwa na nyayo unafunguliwa, hewa inaingia. Maji hakuyataja kabisa. Sisemi kwamba Bwana alikuwa anatoa somo la kilimo. Nasema aliyesimulia mfano ule alijua watu wa shamba wanavyofanya kazi.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo limewauma baadhi yenu kuliko mti, maana Jumapili ileile nilitangaza na hili. Ushirika wetu wa ng'ambo ya laga, kuanzia Januari, hautapelekewa mhubiri kila Jumapili.

Miaka sita tumewapelekea mhubiri. Tumewapelekea viti, spika, unga wa Krismasi, hata majani ya chai ya ibada yanatoka huku. Na kanisa moja la mjini limekuwa likitusaidia mafuta ya pikipiki ya kuwafikia. Wako kama 30. Wanatupenda. Lakini siku laga ilipojaa na mhubiri akakwama ng'ambo hii, hawakuabudu. Walikaa chini ya mgunga wakaangalia maji mpaka jua likapanda, wakaenda nyumbani. Nilipouliza kwa nini hakuna aliyesimama kuomba, kijana mmoja alinijibu kwa heshima kabisa: "Pasta, mwenye kazi hakuja."

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Nami najua mapendekezo yaliyofuata: tuongeze. Tuwape mhubiri wa kudumu, tuwajengee, tuwanunulie jenereta. Kila mmoja ameangalia majani.

Kule kuna mama wa makamo asiyejua kusoma. Anasikiliza Neno kwenye kile kiredio cha sola akiwa na mbuzi wake malishoni, na anaweza kukusimulia Injili ya Marko kwa Kisamburu tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Watu wakiugua usiku wanamwendea yeye. Watoto wanamwita yeye. Ila kila Jumapili anakaa nyuma, kwa sababu mbele pana mtu aliyeshuka kwenye pikipiki. Mimi nasema huyo ni mzizi. Upo, unataka kunyooka, na sisi tumeujaza maji.

Wengine mmesema nimeleta mambo ya kizungu, au nabana matumizi. Pandisheni barabara ya Moyale mkavuke mpaka kwa jirani zetu wa Ethiopia. Huko kusini, nchi ya Wolaita, wamisionari walikuwa wamefanya kazi miaka michache tu Waitaliano walipoivamia nchi. Mwaka 1937 wakalazimika kuondoka. Waliacha waamini waliobatizwa 48, na sehemu chache za Maandiko kwa lugha ya pale. Wamisionari wale waliondoka wakihofu kwamba huenda kazi yote ingekufa. Viongozi wenyeji walipigwa, wengine wakafungwa. Vita vilipokwisha, waliorudi walikuta waamini takriban 10,000. Hakuna mhubiri aliyekuwa akipelekwa huko na pikipiki.

Na kwetu hapa Kenya, mwaka 1971, Kasisi John Gatu wa PCEA alisimama Marekani mbele ya watu wa misheni akasema wamisionari wa kigeni na pesa zao wapumzike kwa angalau miaka 5, ili makanisa ya huku yajue kusimama. Alikasirikiwa na wazungu na Waafrika pia. Sikubaliani na kila alichosema mzee yule, sisi Wapentekoste tuna njia zetu. Lakini alikuwa ametia kidole ndani ya udongo.

Paulo naye, kama Matendo inavyotusimulia, huko Thesalonike alihojiana nao katika sinagogi sabato tatu, na haukupita muda akaondolewa usiku. Listra, Ikonio na Antiokia aliwarudia, akawawekea wazee wa palepale, akawakabidhi kwa Bwana, akaenda zake. Hiyo ni sura ya 14. Miaka sita hakuwapa.

Mtu asiniambie nawatupa. Mti hautupwi ardhini. Nieleze tutakavyofanya, muone.

Hatutauvuta kwa shina. Tutapasua ndoo kwa kisu ubavuni, udongo utoke mzima. Mizizi myeusi, laini, ambayo ganda lake linavuka ukiivuta na kuacha uzi katikati, hiyo imekufa, tutaikata kwa kisu safi. Iliyo migumu na myeupe au ya rangi ya maziwa itabaki. Ile iliyojizungusha tutaifungua kwa vidole, na isiyokubali kufunguka tutaikata, vinginevyo itaendelea kuzunguka hata ikiwa na nchi nzima ya kutambaa. Matawi tutayapunguza kama theluthi, kwa sababu mizizi michache iliyobaki haiwezi kulisha kichwa kikubwa. Vitunda vilivyobaki vyote vitaondolewa. Watoto watalia, najua.

Shimo litakuwa pana kuliko kina. Kuta zake tutazikwaruza zisiwe laini, na hatutalijaza udongo mweusi wa kununuliwa. Hili liliniletea ubishi na fundi wetu mmoja. Ukijaza shimo udongo mtamu mtupu, umejenga ndoo nyingine chini ya ardhi. Mizizi itakaa humo kama mtoto asiyetaka kutoka nyumbani, haitaingia kwenye mchanga wa Kipsing. Na mchanga wa Kipsing ndio utakaouokoa, kwa sababu haushiki maji. Tutaurudishia udongo uleule wa pale, na samadi iliyoiva kidogo, juu na mbali na shina. Mti utakaa juu kidogo ya usawa wa ardhi, na kile kifundo ulipounganishiwa kitaonekana wazi, kisifukiwe.

Siku hiyo utapata maji ya kushiba, jerikeni nzima, kwenye duara lililo mbali na shina. Baada ya hapo hakuna kuupa mpaka mtu atie kidole udongoni, kifundo cha pili kizame, na akute pakavu. Mvua ikinyesha hatugusi. Maji yatakuja machache kwa siku zake lakini yatashuka chini, na mizizi itayafuata. Kwa ng'ambo ni vilevile. Nitakwenda mara moja kwa mwezi, nilale siku mbili, tufundishane mpaka usiku na yule mama na wenzake wawili, kisha niondoke. Nikiitwa kwa jambo zito nitakuja. Nikiitwa kufungua ibada kwa maombi, sitakuja.

Na boma la miiba litakuwepo, tena nene. Mbuzi hawaokoki. Ukiuacha mti mchanga wazi usiku mmoja, asubuhi unakuta kijiti. Kule ng'ambo nao kuna wanaopitapita na chupa za mafuta ya upako za kuuza, na hao nitawafungia njia mimi mwenyewe. Kupunguza maji hakumaanishi kubomoa ua.

Kitakachotusumbua ni wiki za kwanza. Nawaambia mapema: mti utaonekana unakufa. Huenda ukaangusha majani yote. Kuna watakaokuja usiku na kikombe, kwa huruma kabisa. Ukishikwa na hofu, kwaruza gamba la tawi kwa ukucha, kidogo tu. Chini pakiwa kijani, uko hai, uache ufanye kazi yake gizani. Ng'ambo pia Jumapili za kwanza zitakuwa mbaya. Wimbo utaanzishwa juu mno, mtu atasahau sadaka, mahubiri yatakuwa dakika tano au saa tatu. Watu 30 huenda wakawa 18. Msinipigie simu kuniambia wamebaki 18. Niambieni ni nani aliyeomba.

Je, unaweza kufa? Unaweza. Mizizi ikiwa imeoza yote, hakuna kisu wala mchanga utakaousaidia, na tutajua Jumamosi tukiifungua. Ushirika nao unaweza kuvunjika, sitawadanganya. Lakini ndani ya ndoo kifo hakina "labda".

Mama anayetunza kanisa nilikaa naye jana jioni kabla sijaandika haya, maana mti ule ni wake kuliko ulivyo wangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza atafanya nini asubuhi, akiamka na jerikeni yake. Nikamwambia atie kidole udongoni. Akacheka, akasema basi kidole chake kitazeeka kabla ya mti. Yeye ndiye aliyechagua mahali: upande wa chini wa kanisa, hatua kama kumi kutoka ukutani, pale ambapo maji ya paa la mabati hupita mvua ikinyesha na hayasimami.

Tukutane Jumamosi saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenye sururu aje nayo, chini kuna changarawe. Vijana wa kukata miiba wawe sita hivi, na waje na viatu vya maana. Samadi iliyoiva tayari tunayo, msilete mbichi. Watoto wa Sunday school wanakaribishwa, lakini vikombe vibaki nyumbani.